Nakala Aliyoifungua Mama

Asubuhi ya mwisho waliyokuwa pamoja, mke wa mzee alivaa miwani, akaketi mbele ya kompyuta ya duka lao la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Alitaka kuiwekea mfumo mpya, maana ule wa zamani ulikuwa hoi, haufungui tena kazi za wateja.

Mzee alisimama mlangoni na vikombe viwili vya chai, roho mkononi. Picha zao zote za ujana zilikuwa humo.

"Iache tu, mama watoto. Imezeeka kama mimi."

"Ndiyo maana naishughulikia. Wewe nilikubadilisha tabia, ukapoteza nini?"

Ndivyo alivyokuwa. Hakugusa mfumo wa mashine kabla ya kuweka nakala pembeni, na nakala yenyewe hakuiamini mpaka aifungue. Alichomeka diski ndogo, akanakili picha zote humo, kisha akafungua ile ya harusi yao, akamwita mumewe aje aitazame.

Mchana wake, kabla hajauweka mfumo mpya, mama alianguka ghafla, hakuamka tena.

Msiba ulipokwisha, binti yao alikalia kiti kile, kwa kuwa wateja walikuwa wakiulizia kazi zao. Kidole kilisita juu ya kitufe cha kuweka mfumo mpya.

"Baba, picha za mama zikifutika je?"

Mzee hakujua kusoma, lakini asubuhi ile alikuwa nayo kichwani.

"Bonyeza, mwanangu," alisema, kisha akarudia maneno ya mama yake kama alivyoyasikia: "Nakala nimeifungua, na umejiona humo na suruali yako pana. Sasa unaogopa nini, mzee wangu?"