Kisigino Mgongoni mwa Kemunto

Harufu ya majani mabichi ya chai yaliyoloa mvua kikapuni hunipandisha hasira hadi leo. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, huko karibu na Nyansiongo, wazazi wetu walipokufa, niliacha darasa la tano nikawa mchumaji katika shamba la baba mdogo, ili mimi na mdogo wangu Kemunto tupate pa kulala. Kemunto alikuwa na miaka minane, naye akichuma kando yangu. Msimu wa kupanda mahindi alianza kulalamika mgongo. Akiangusha kitu, hakuinama kukiokota. Alichuchumaa, mgongo wima kama aliyefungwa mti. Jioni alipata homa, na nguo zikazidi kumpwaya.

“Akiona kikapu, mgongo unauma. Akiona ugali, umepona!” mke wa baba mdogo alisema, na nyumba nzima ikacheka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mama huyo alikuwa amezaa mapacha, na kwetu iliaminika kwamba mama wa mapacha akikukanyaga mgongo, maumivu hutoka. Akamlaza Kemunto kifudifudi juu ya majani ya migomba, akampanda kwa visigino. Mimi ndiye niliyemshika mikono asifurukute. Niliamini. Tulirudia hivyo wiki baada ya wiki, hadi asubuhi moja alipoamka mkeka umelowa mkojo bila yeye kujua.

“Dada Moraa,” aliniuliza, “mbona siisikii miguu yangu?”

Sikumwomba mtu ruhusa. Nilimfunga mgongoni kwa leso nikatembea hadi hospitali. Wakati huo tulikuwa tunavuna mahindi yaleyale.

“Mgongo uliochoshwa na kazi hupoa ukipumzishwa,” daktari alinikaripia. “Huu wa homa, wa kukonda, hukupaswa kungojea miguu ilegee.” Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa zilimrudishia miguu baada ya miezi mingi. Kibyongo kilibaki.

Miaka ikapita, nami nikazaa mapacha. Mwaka jana yule mke wa baba mdogo, sasa mkongwe, aliniita: “Mama Mapacha, njoo unikanyage. Kiuno kinaniua, na mguu umekufa ganzi.”

Siku hiyo nilikuwa nimeingoja. Nilivua viatu taratibu, akiwa amelala kifudifudi, nikaweka kisigino juu ya mfupa wake. Sikukandamiza.

“Akiona kikapu, mgongo unauma,” nilimwambia.

Nikavaa viatu, nikaita pikipiki. Kemunto alingoja tangu kupanda hadi kuvuna. Bibi huyu alifika hospitali kabla chai ya asubuhi haijapoa. Sijamsamehe. Nilimkalisha kwenye benchi nyuma ya Kemunto, niliyekuja naye, ili muda wote wa foleni autazame mgongo ule.