Mkeka Uliofuata Jua

Juzi, huku mtaani Abu Hamour, nilimwona mama mmoja akiburuta mkeka uani, wanawe wakimtangulia mbio, nikacheka peke yangu.

Utotoni mwangu, tulipokuwa tukiishi mtaa wa Najma, alasiri moja ya baridi, jua likielekea kutua, Mama alitupandisha juu ya paa. Alitandika mkeka wake wa ukindu katikati ya matangi ya maji, akatumiminia chai iliyonukia iliki. Kila kivuli cha tangi kilipotugusa miguu, alipiga makofi.

"Haya, juani! Wa mwisho abebe mkeka!"

Tulitimua mbio. Wa mwisho alikuwa yeye kila mara, mkeka kwapani, mdogo wangu Saidi akikohoa begani kwake. Nilimhurumia Mama kwa kutojua kukimbia. Sikuelewa kwamba chumba chetu kisicho na dirisha ndicho kilichomkohoza Saidi, na kwamba Mama alikuwa amekataa katakata kumlaza kwenye baridi ya chumba kile jua lingalipo nje.

Jana niliwapandisha wanangu juu ya paa na mkeka, tukakimbilia jua vile vile. Chumbani wana hita, na hakuna anayekohoa. Wakanishinda kila mara.

"Mama, wewe hujui kukimbia!"

"Sijui kabisa," nikajibu, nikaubeba mkeka.