Mjusi Aliyehesabu Meno

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Ikungi, mjusi wa miambani alinikera kuliko mwalimu wa hesabu. Yule dume, kichwa chekundu, mwili wa buluu, jua likishamkolea hupanda juu ya jiwe na kuanza kutikisa kichwa, juu chini, juu chini. Bibi alisema anahesabu meno ya watu. Akiyamaliza, yanang'oka yote. Basi pale uani, kwenye jiwe letu la kuanikia uwele, ilikuwa ni kufumba mdomo. Hucheki, hupigi mluzi, mbuzi akila uwele unamfukuza kwa mikono kama bubu. Ilichosha.

Iliyonichosha kupita zote ni siku ya posa ya Shangazi Zena. Mposaji alikuwa tajiri wa Singida mjini, mmoja wa wale walioibuka biashara huria iliporuhusiwa, na alileta kreti zima la soda. Mimi soda nilikuwa naisikia tu. Wageni wakaketi uani, mbele ya jiwe. Babu akauliza, kama ilivyo desturi, "Zena, hawa wageni unawafahamu?" Akisema ndiyo, posa imepokelewa na soda zinafunguliwa.

Shangazi akafumba mdomo, akanyoosha kidole. Mjusi huyo, anatikisa kichwa.

"Kwani binti anaogopa mjusi?" mshenga akauliza.

"Si mjusi, baba. Ni meno," Bibi akajibu, kajiziba mdomo kwa khanga.

Mshenga akanitazama mimi na mapengo yangu. "Huyu naona alishahesabiwa."

Nikarusha kijiwe. Mjusi akaingia ufani, akatokea upande wa pili, akaendelea na kazi yake. Jua likageuka, jibu hakuna. Wageni wakaondoka na kreti lao.

Jioni nikamkuta Shangazi juu ya jiwe lile lile akizoa uwele, anaimba, meno yote nje.

Miaka mingi baadaye, nikiwa dereva wa lori, nilimpa lifti mtafiti wa wanyama. Akaniambia dume yule hahesabu kitu: anawaambia madume wengine, hapa ni kwangu, ondokeni. Nilicheka mlima wote wa Sekenke, mtafiti akashika mkanda.

Binti wa siku zile hakuwa na namna ya kumkataa tajiri mbele ya wazee. Mjusi alikuwa nayo, akamwazima.