Ndege za Mtumba na Koti Langu

Juzi nilikuwa kibarazani kwa fundi cherehani wetu wa Mjimwema, huku mikoani. Redio yake ikatangaza kwamba nchi moja ya mbali imenunua ndege za kivita zilizokwishatumiwa na jeshi jingine. Zitafungwa injini mpya na rada mpya, kisha zipakwe rangi kufuta bendera ya wamiliki wa kwanza.

Nilicheka mpaka mama mmoja aliyeleta kitenge akageuka.

"Jeshi zima linavaa mitumba!" nikasema, mimi bingwa wa ulinzi. "Hii ndiyo biashara huria!"

"Lakini bodi ikiwa nzima, baba, mengine si yanabadilishwa tu?" akauliza yule mama.

"Aibu, mama. Mwenye heshima zake hununua kipya."

Fundi alitoa pini mdomoni, akainua koti nitakalovaa kwenye kipaimara cha binti yangu, lile nililowatangazia wakwe kuwa ni jipya kutoka Dar. Bitana mpya, vifungo vipya. Kifuani bado iling'aa nembo ya kampuni ya mabasi ya huko Ulaya.

"Hii niing'oe, mzee, au niifunike?"

Yule mama akainamia kitenge chake, mabega yakimtikisika.

"Ifunike," nikanong'ona. "Na hiyo redio, izime."