Hindi Moja Lililotoka Nje ya Uzio

Watu wakisikia nchi ina sheria ya usalama wa mazao yaliyobadilishwa vinasaba, hufikiria mabwana wenye tai waliokaa Dodoma wakigonga mihuri. Mihuri ipo, sikatai. Lakini kwangu mimi, niliyefanya kazi ya kutunza kumbukumbu katika shamba la majaribio nje kidogo ya mji wa Morogoro, sheria hiyo ilikuwa uzio wa waya, kufuli mbili, mabuti yasiyoruhusiwa kuvuka geti, na daftari ambalo hata panya akikatiza ilibidi aandikwe. Panya simzui. Yumo, pamoja na saa aliyopita.

Shamba lenyewe lilikuwa dogo, ungelizunguka chai yako ikiwa bado ya moto. Mahindi yake yalikuwa yamewekewa kinasaba cha kuyakinga na funza wa mabua. Kibali kilisema punje isitoke, basi. Mbelewele tulizifunga mifuko ili chavua isipeperuke, tukachavusha kwa mkono. Baada ya mavuno kila hindi lilihesabiwa, likapimwa, likachomwa shimoni, kisha tukawa tunalilinda shamba tupu ili kung'oa mche wowote utakaojiotea. Wageni waliniuliza kama mahindi yale yana sumu. Niliwajibu kwa ukali kidogo kwamba hakuna aliyesema yana sumu na hakuna aliyesema hayana, ndiyo maana yamefungiwa mpaka ijulikane. Nilijiona mjuzi sana siku hizo.

Mwaka huo mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, alishuka kutoka kijijini kwetu Kinole, milimani, kuja kutibiwa macho. Akafikia kwangu Mafiga, pale mjini. Ni mtu asiyejua kukaa. Wiki ya kwanza alifua mapazia yote, ya pili akapalilia bustani ya jirani bila kuombwa. Macho yalipopata nafuu akaniambia, "Mwanangu, nitafutie kibarua, nitaoza humu ndani." Tulikuwa tunatafuta akina mama wa kupalilia na kuvuna, nikampeleka mimi mwenyewe.

Nilimsomea masharti yote. Kila sharti aliliitikia, "Haya, mwanangu," kisha akaweka dole gumba kwenye karatasi. Kazi aliifanya kuliko wote, na wenzake walimwogopa kidogo.

Siku ya kwanza ya mavuno alilimenya hindi moja, akaligeuza huku na huku, akaniita. "Hebu tazama. Halina tundu hata moja." Alisema kama mtu aliyechagua mbegu maisha yake yote, na ndivyo alivyokuwa. Alasiri tulipowasha moto shimoni alisimama kando, mikono kifuani.

"Chakula hiki mnakichoma, na watu wazima mpo mnatazama," alisema.

Nikamwambia ni sheria. Akarudi kazini, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amenielewa.

Siku ya pili kazi iliisha. Getini kila mtu alikuwa anapekuliwa mfuko na nguo kabla ya kutoka. Wanawake niliwapekua mimi, wanaume mlinzi. Zamu ya mama mkubwa ilipofika nilimgusa begani tu, nikamwambia apite. Niambie wewe, nani anampekua mama yake mbele za watu? Asubuhi yake akapanda gari kurudi Kinole, eti mvua zimekaribia na shamba halimngoji mtu.

Hesabu niliyoifunga jioni ya siku aliyoondoka ilipungua hindi moja. Nikahesabu tena, nikahesabu mara ya tatu, moja halipo. Nikamwendea mlinzi kwa maneno ambayo mpaka leo nayaonea haya. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, ndipo akasema, "Sista, wa kwangu wote nimewapekua. Na nimekuona wewe ulivyowapekua wa kwako."

Nikapiga simu Kinole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo, umeumwa?"

Nikamuuliza. Hakuzunguka. "Ninalo. Nilichukua moja tu. Mtu havuni kwa mwenzake akaondoka mikono mitupu, ni kumtukana mwenye shamba."

Nikamwomba alirudishe, hata leo hii.

"Lirudi vipi? Nimeshalipukuchua, nimelitia kibuyuni."

Nilikijua kibuyu hicho. Nyumbani kwetu mbegu ngeni hailali peke yake. Huchanganywa na mbegu za nyumbani, zikapakwa majivu, zikatundikwa juu ya moshi wa jiko ili mgeni azoeane na wenyeji kabla ya kwenda shambani. Wenyeji wenyewe ni mahindi meupe ambayo bibi alipewa na mama yake, naye na mama yake, hakuna anayejua yalianzia wapi. Mahindi yetu ya majaribio nayo yalikuwa meupe. Ndani ya kibuyu kile hakuna jicho, hata la mama mkubwa, ambalo lingetenganisha.

Sitajifanya shujaa. Nilikaa na daftari nikashika kalamu, na neno panya lilikuwa linanitosha kabisa, tena lilishawahi kuandikwa. Nani angekwenda kumhoji panya? Lakini nililijua shamba la mama mkubwa. Limepakana na la jirani, la jirani limepakana na la mwingine, hivyo hivyo mpaka juu mlimani, na wote hupeana mbegu kama wanavyopeana chumvi. Mvua zilikuwa karibu kweli. Yakishatoa mbelewele kule, hakuna ofisi duniani ambayo ingeweza kuyaita yarudi. Nikaandika ukweli, jina langu na uzembe wangu, nikampigia simu mkaguzi wa serikali aliyesimamia kibali chetu. Barua ya onyo niliyopewa baadaye nilistahili.

Mkaguzi alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, mpole, lakini anasoma kila mstari. Tulikwenda naye Kinole kwa gari la ofisi. Mama mkubwa alitupokea vizuri, akatupa machungwa. Mkaguzi alipiga goti kumwamkia, akakaa chini kwenye mkeka na kumweleza yote taratibu, bila kumtisha. Mimi nilikuwa naangalia machungwa.

"Kwani yana sumu?" mama mkubwa akauliza.

"Hatusemi yana sumu, mama. Tunasema bado yanapimwa, na kibali hakiruhusu yatoke. Sasa yameingia kwenye mbegu zako, na hatuwezi kuyatoa."

"Na zangu? Zangu zina kosa gani?"

Mkaguzi alikubali kwamba hazina kosa, na namheshimu kwa hilo. Alimuuliza kama kuna mtu aliyegawiwa. Mama mkubwa alisema hakuna, msimu bado, na nilimwamini, maana huyu mama akifanya jambo hulisema.

Alikishusha kibuyu mwenyewe. Hakutaka kusaidiwa. Akamimina mbegu zote kwenye ungo, akazipitisha mkono mara moja, akanipa ungo. Moto tuliuwasha nyuma ya jiko. Mahindi makavu yanawaka kwa shida, kwanza yakapasuka mengine yakawa bisi, na harufu yake ilikuwa nzuri, jambo lililoniuma zaidi. Tulikaa pale mpaka yakawa majivu, mkaguzi akayakoroga kwa kijiti kuhakikisha, tukayafukia.

Kisha akatoa fomu. Mahali pa aliyetoa taarifa nikatia sahihi. Chini yake palikuwa na mahali pa mwenye mali iliyoteketezwa. Mkaguzi akafungua kidau cha wino, akamsogezea mama mkubwa. Mama mkubwa akaurudisha mkono wake ndani ya khanga.

"Mali si yangu," alisema.

Mkaguzi aliniangalia, mimi nikamwangalia mama mkubwa. Nilidhani anagoma, na moyoni nikasema ana haki.

"Mama yangu alinipa nitunze tu," akaendelea. "Mimi nimezaa wanaume watupu, na mbegu kwetu haiendi kwa wanaume. Mwenyewe ni huyo hapo." Akanionyesha kwa kidevu. "Nilikuwa nangoja auchoke mji."

Kwetu Waluguru ukoo hufuata kwa mama. Hilo nilikuwa nalijua, tena kwa habari za mashamba nilishawahi kulibishania. Lakini sikuwahi kujiuliza hata siku moja kibuyu kile kingekwenda kwa nani. Mimi unga nanunua dukani. Nililia pale mkekani bila kujificha, na mama mkubwa hakunibembeleza wala hakunigombeza.

Mkaguzi alisubiri mpaka nilipomaliza. Kisha akanisogezea fomu ile ile, nikatia sahihi ya pili chini ya ile ya kwanza.