Kitenge Ndani ya Darubini

Hapana. Ile darubini haikuwa mbovu, na kukhu, nyanya yetu, hakuwa mshamba. Barasa anaweza kurudia hiyo hadithi kwa kila harusi mpaka watu wamwage soda kwa kucheka, ati kukhu alisokomeza kitenge ndani ya darubini ya mzungu akaiua. Barasa ni binamu yangu, lakini hakuwa pale. Mimi nilikuwa. Mpaka leo nikifumba macho nanusa ndani ya lile bomba: moshi wa jikoni, mafuta ya kujipaka, kitambaa chenye hakijakauka vizuri. Hiyo ni harufu ya kukhu mwenyewe, na sitaki mtu aichekee mbele yangu.

Darubini ilitoka Kitale, kwa mnada wa shamba la mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Anko Wekesa, babake Barasa, ndiye aliinunua, akaiwekelea juu ya magunia ya mahindi kwa lori mpaka kwa mamake kule Sirisia. Mimi nilikuwa huko kwa kukhu likizo ya Aprili. Ilikuwa bomba jeupe, nene, kioo kikubwa chini na kingine kidogo juu, kimeshikwa na vijiguu vyembamba kama vya buibui. Usiku wa kwanza kila nyota ilikuwa na mkia, kama tone la uji limeteleza kwa ukuta. Anko akasonya. Akaniambia, "Wewe si unajifanya fundi? Nikirudi kutoka Moi's Bridge, unionyeshe nyota ikiwa nyota. Ukiweza, ni yako. Ukishindwa, naiuza."

Hakuna mtu alinifunza, bana. Nilitoa ile lenzi ya kuangalilia, nikaweka mahali pake kopo la filamu ya kamera nililotoboa tundu katikati na msumari. Ukichungulia hapo mchana unaona duara ndani ya duara: kioo kidogo, ndani yake kioo kikubwa, ndani yake tena kivuli cha kile kidogo, na katikati kabisa jicho lako likikuangalia. Lazima zikae kama sufuria za kukhu zikiingiana, hakuna moja imeegemea upande. Ikiegemea, unakaza skrubu hii, unalegeza ile, unachungulia tena. Nilifanya hivyo mpaka shingo ikakataa kugeuka.

Halafu mvua inakuja, na kwetu ngurumo ikianza, vioo vinafunikwa. Uliza mtu yeyote. Lakini kwa kukhu haikuwa desturi tu. Kifungua mimba wake alipigwa na radi akinyoa ndevu dirishani, kioo mkononi. Sasa huyo mama analetewa kioo kikubwa kama sinia na kuambiwa akae nacho nyumba moja na mjukuu wake? Kila saa kumi, wingu likishuka kutoka Mlima Elgon, alikuja mbio na kitenge, akakisukuma ndani ya bomba mpaka mwisho, na vile vijiguu vikapinda. Mvua ikiisha, naanza upya.

"Kukhu, umesukuma tena."

"Na wewe uko hai tena," akajibu, akaenda zake kuchambua mboga.

Siku ambayo Anko alirudi, zile sufuria zangu za ndani ya bomba zilikuwa zimekaa sawa. Giza lilipoanza nikashika nyota moja kubwa upande wa mashariki, nikailegeza kidogo ile lenzi, nyota ikafunguka kuwa pete ndani ya pete, kama kitunguu kilichokatwa, tundu jeusi katikati kabisa: vioo vimenyooka, na nikirudisha lenzi, nyota ni nyota, haina mkia. Niliiona na macho yangu. Nikaita Anko. Akasema amalize chai kwanza. Alipotoka, nyota ilikuwa bado iko, lakini nyuma yetu Elgon ilikuwa imeanza kunguruma, na kukhu alikuwa amesimama mlangoni na kitenge mkononi. Siku hiyo hakukimbia. Alikuwa amejua ni siku yangu. Alisimama tu akitetemeka, kitenge na mikono na kidevu.

"Mama, ngoja dakika moja," Anko akasema, akiinama kuangalia. "Ni kioo tu."

Nikamtangulia. Nilichukua kitenge kwa mkono wa kukhu nikakisukuma mimi mwenyewe, mpaka chini, nikasikia vijiguu vikipinda. Anko akainuka. "Haya. Umechagua," akasema. Asubuhi akaipandisha lori, kitenge kikiwa bado ndani. Huko Kitale akaifungua, nyota zikawa na mikia, akaiuza. Sasa Barasa angeamini nini kingine?

Leo mimi natengeneza redio Bungoma mjini. Nimesoma mwenyewe mambo ya umeme, najua radi haitafuti kioo, kwa hivyo usinifundishe. Kukhu ameshaenda. Lakini mbingu ikinguruma bado natundika shati juu ya kioo cha chumba changu, na anayetaka kucheka acheke akiwa nje, kwa mvua. Barasa ana kioo cha ukuta mzima kwa sebule yake huko Kitale, hakifunikwi hata siku moja, na kila tukikutana ananiuliza kama sijutii. Basi nikuulize wewe pia: nyanya yako amesimama mlangoni anatetemeka, wewe ungeendelea kuangalia nyota?