Koti Lililorudi Kutoka Uganda

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mafuta. Alipakia Nairobi, akalala kwetu Eldoret, kesho yake akaendelea hadi Malaba na kuvuka kuingia Uganda. Nilimzalia mapacha wa kike, na tangu siku hiyo hakuniita kwa jina lingine ila Mama Mapacha. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Naandika haya kwa sababu waliokuwepo wanapungua, na nikinyamaza itabaki ile hadithi ya watu wa ploti, zile nyumba za kupanga tulimoishi, ambayo si ya kweli.

Mwaka vita ilipoingia Uganda, sisi Eldoret hatukusikia mizinga. Tuliiona kwanza kwenye taa. Sehemu ya stima yetu ilitoka kwenye bwawa la Jinja, huko Uganda, na jioni nyingine balbu ya pale mlangoni iliwaka nyekundu kama kaa linalozimika, kisha ikafa. Tukarudi kwa koroboi. Ndipo mafuta ya taa nayo yakaadimika, na wanawake wakawa wanapanga madebe kwenye laini dukani kabla jua halijatoka. Siku moja niliona mama mjamzito akivutwa nywele mpaka chini kwa sababu debe lake lilisogea mbele ya la mwenzake.

Kilichofuata ni bunduki. Askari waliokimbia kule waliuza silaha kwa bei ya chakula, na zikavuka mpaka zimefungwa ndani ya magunia. Mtaani kwetu, mwizi tuliyemzoea alikuwa na kisu au mkono mrefu. Sasa walikuja watu watano wenye bunduki ya jeshi, wakampiga risasi mwenye duka letu mchana, mbele ya wateja. Walichukua sukari na mafuta. Nilikanyaga damu yake nikitoka, na viatu vyangu vikaacha alama mpaka mlangoni kwangu.

Baada ya mazishi yake tuliitwa mkutano uani. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na viwili, watu wa magharibi, watu wa ziwani na wenyeji wawili. Aliyesimama kusema ni fundi wa viatu, jirani yangu wa mlango wa pili, mtu mpole ambaye wanangu walimwita mjomba.

“Kuanzia leo,” alisema, “mwanamke akipiga nduru, mwanaume asiulize maswali. Atoke na chochote alicho nacho. Tukiulizana kwanza tutamalizwa.”

“Na kama ni panya nimemwona?” akauliza mke wake.

“Basi panya atakufa kifo kibaya.”

Watu wakacheka. Palikuwa na bibi mzee wa kutoka ziwani, mjane, aliyeuza samaki wadogo wa omena. Yeye hakucheka. “Na tukifiwa? Sisi tukifiwa tunapiga nduru. Mtatutokea na mapanga?”

“Ya msiba tutaijua tu, Mama,” fundi akamjibu. “Ya msiba ina wimbo.”

Tukakubaliana hivyo. Nami niliinua mkono.

Mume wangu alipokuja safari iliyofuata, mgongo wake ulikuwa na mistari ya mjeledi. Niliikanda kwa maji ya chumvi, naye akauma kola ya koti lake asipige kelele. Lilikuwa koti la kijivu, zito, nililolitia kiraka cha kitambaa cha buluu kwenye kiwiko.

“Askari wanasimamisha lori,” aliniambia, “wananyonya tangi kwa mpira kama ndama, halafu wanakuuliza, mafuta mengine iko wapi? Ukisema ni hayo tu, unalala chini.”

“Usirudi huko.”

“Nisiporudi tutakula nini, Mama Mapacha? Steringi?”

Aliondoka Jumanne. Wiki mbili zikapita, na ya tatu. Nilienda ofisini kwao, na karani aliniambia bila kuinua macho kwamba lori lilichukuliwa na wanajeshi na kwamba wanafuatilia. Nilimuuliza kama wanafuatilia lori au dereva. Akafungua faili lingine.

Sasa nieleze jambo la kwetu. Mtu akifia mbali na nyumbani, nguo yake hutangulia kurudi. Anayeleta habari habishi hodi kwa maneno mengi. Huja na shati au koti la marehemu, na mkewe akiliona ameshaambiwa. Ndivyo mama yangu alivyojua kuhusu baba yangu. Mume wangu aliijua mila hii kama mimi. Lakini mtu akiwa taabani, nadhani hukumbuka tu kitu gani mke wake hawezi kukikana.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana, mvua nyembamba ya Eldoret ikinyesha. Nilikuwa nje ya mlango, chini ya upenu wa paa, nasonga ugali kwenye jiko la makaa. Mwanaume nisiyemjua akaingia getini. Alikuwa amekonda, hana soksi, na amevaa koti la mume wangu. Niliona kiraka cha buluu kabla sijauona uso wake.

“Mama,” alianza, “mimi natoka...”

Nikapiga nduru.

Ilikuwa nduru ya mfiwa. Lakini haikuwa na wimbo. Wimbo huja baadaye, pumzi ikishapata njia. Ile ya kwanza ni kelele tu, kama ya mnyama.

Milango ilifunguka yote kwa pamoja. Fundi alitoka na nyundo ya kazi yake. Wengine walikuwa na mipini ya majembe, na mmoja alibeba jiwe la kufulia kwa mikono miwili. Hakuna aliyeuliza. Pigo la kwanza lilimpata yule mgeni mdomoni, akakaa matopeni kama mtu aliyechoka.

Watu wa ploti husema kwamba hapo nilizimia. Sikuzimia. Nilinyoosha kidole nikasema, “Koti la mume wangu! Amevaa koti la mume wangu!” Nilimaanisha nini, sijui. Wao walielewa kwamba ndiye aliyemuua, na kwa muda fulani mimi pia nilielewa hivyo. Nilikuwa na mwiko mkononi, una ugali wa moto. Nilimpiga nao usoni mara mbili. Nakumbuka ugali ulivyoshika shavuni mwake.

Walimvunja taya. Walimvunja mkono aliokuwa anajikinga nao. Mtu akapaza sauti, “Achomwe! Leteni mafuta!” Mke wa fundi ndiye aliyekuwa na mafuta ya taa siku hiyo, nusu debe. Akasimama mlangoni ameyakumbatia.

“Mafuta yangu? Nimepanga laini tangu alfajiri nimchomee huyu? Nendeni mkatafute yenu!”

“We mama, toa mafuta! Hawa ndio walimuua mwenye duka!”

“Sitoi! Watoto wangu watasoma kwa moto wa mwizi?”

Wakabishana. Kule kubishana, na ule uhaba wa mafuta, ndiko kulikompa nafasi. Aliinua kichwa. Mdomo wake ulikuwa umejaa damu na taya limeenda upande, lakini nilimsikia kwa masikio yangu: “Mama Mapacha... amenituma.”

Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akiniita hivyo. Alikuwa amelisikia kutoka kinywani mwa mume wangu, na anayetuma mtu yuko hai; koti lilikuwa alama tu ya kunifanya niamini. Nikajitupa juu yake. Mpini uliokuwa njiani ulinipata begani, na bega hilo bado hunijulisha mvua ikikaribia. Fundi ndiye aliyewazuia wengine. Kisha akaiangalia nyundo yake, akakaa chini akatapika.

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa kubebea magunia. Taya likafungwa, na tangu hapo hakuweza kusema neno. Nilienda kila siku na uji ambao hakuweza kuumeza. Siku ya pili nilishika mkono wake mzima nikamwambia, “Kama ni ndiyo, nifinye. Yuko hai?” Akanifinya. Nikamuuliza tena, nikiogopa nimejidanganya. Akafinya tena.

“Yuko jela?” Akafinya.

Nilianza kumtajia miji niliyoijua kwa masimulizi ya mume wangu. Tororo. Kimya. Mbale. Kimya. Soroti. Jinja. Kwa Jinja vidole vilitikisika, lakini wakati huo huo mwili wote ulitikisika. Nilipoirudia hakufanya kitu. Muuguzi akanigusa mgongoni na kuniambia, “Mama, mgonjwa kama huyu hufinya tu. Usitegemee sana.” Siku ya tatu asubuhi nilikuta kitanda kimetandikwa upya. Hakuna aliyejua jina lake, wala mwenyewe hakupewa nafasi ya kulitaja. Alizikwa na baraza la mji.

Polisi walikuja kwenye ploti. Wote walisema hawakuona. Mimi nilisema nilikuwa sokoni.

Nilienda hadi Malaba, mpaka ukiwa umejaa wakimbizi, nikarudishwa. Dereva mmoja rafiki wa mume wangu alinitafutia Jinja vita ilipokwisha. Aliniambia jela zilikuwa wazi, wafungwa wametawanyika, wengine wametupwa mtoni. Hakupata mtu wala habari. Kama mtu angefika wiki tatu mapema, akijua pa kuulizia, huenda angempata, sijui. Nalifikiria kila siku.

Baada ya miaka saba wazee wa upande wa mume wangu walisema inatosha, nyumba haiwezi kubaki wazi. Tukaenda nyumbani kwao. Kwetu mtu asipopatikana huzikwa mgomba badala yake, na mgomba huo huvishwa nguo yake. Wakaniomba koti. Hospitali ilikuwa imenirudishia, nami nililifua mara nyingi, ila kwenye kola palibaki doa. Nililitoa. Doa lile halikuwa la mume wangu, na sikuwaambia. Nilitaka yule mgeni naye awe na kaburi lenye watu wanaolia.

Mgomba ulipoanza kushushwa, wanawake wote walipiga nduru. Wifi yangu akanigeukia mbele ya watu. “We, hata nduru moja huna? Ulikuwa unampenda kweli?”

Nilifunga mdomo kwa kiganja nikashikilia hapo, mpaka udongo ukajaa.